Kipimo cha Mkojo cha Ovulesheni: Tathmini ya Mama Anayetafuta Mtoto wa Pili

Kipimo ninachokizungumzia ni kile cha karatasi nyembamba kinachochovywa kwenye mkojo ili kumjulisha mwanamke kwamba yai lake linakaribia kutoka kwenye ovari. Nimekitumia muda wa kutosha kukifahamu vizuri, mimi pamoja na kikundi kidogo cha kina mama wenzangu ambao tayari wana mtoto na wanatamani kumpata mwingine. Nimeona nikiandikie tathmini kwa sababu maelezo mengi yanayokisifu au kukiponda yamemlenga mwanamke anayetafuta mimba yake ya kwanza, ilhali mama aliyekwisha kuzaa hukijia akiwa na mwili uliobadilika, usingizi wa mang'amung'amu, mtoto anayemng'ang'ania miguuni, na mara nyingi akiwa ameshaambiwa kwamba hana haki ya kuhuzunika kwa kuwa yeye Mungu amekwisha kumjalia. Hukumu yangu naitanguliza: ni kifaa kizuri na kinafaa kununuliwa, maadamu mnunuzi anaelewa kwamba kinajibu swali moja tu, nalo ni lini. Kama mimba itatunga, au kwa nini haitungi, hayo hayamo ndani ya uwezo wake, na maumivu mengi niliyoyashuhudia yametokana na kukitaka kijibu yale kisiyoyajua.

Msingi wake ni homoni iitwayo LH, inayotolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Kwa siku nyingi za mzunguko wa hedhi homoni hii huwa kidogo mwilini, kisha hupanda ghafla, na kupanda huko ndiko kunakolifanya yai lililokomaa litoke. Kwa kawaida yai hutoka ndani ya saa 24 hadi 36 baadaye. Likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, ilhali mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai hadi siku 5 katika mwili wa mwanamke ikiwa ute wa shingo ya kizazi ni mwepesi na wenye kuvutika. Ndiyo maana utafiti wa Allen Wilcox na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, ulikuta kwamba mimba zilitokana na tendo la ndoa lililofanyika katika siku 6 tu za mzunguko, yaani siku ambayo yai lilitoka na siku 5 zilizoitangulia. Anayesubiri yai litoke kwanza amechelewa, au amebakiwa na saa chache mno. Thamani yote ya kipimo hiki iko hapo, katika kuarifu mapema: kinasema kwamba yai linakaribia kutoka, si kwamba limekwisha kutoka.

Kwa mama wa mtoto mdogo tofauti hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu njia nyingine ambayo wengi hushauriwa, ile ya kupima joto la mwili kila alfajiri, inategemea usingizi ambao yeye hana. Joto hupanda kwa takriban nyuzi 0.2 hadi 0.5 za Selsiasi baada ya yai kutoka, kutokana na homoni ya projesteroni, na ili badiliko dogo kama hilo lionekane sharti mwanamke awe amelala saa kadhaa mfululizo na apime kabla hajainuka kitandani. Mama anayeamshwa usiku kumbembeleza mtoto ataandika tarakimu zinazopanda na kushuka bila mpangilio, kisha ajione kwamba mwili wake una kasoro. Kipimo cha mkojo hakijali amelala vipi. Kwa sababu hiyo pekee nakiweka mbele ya kipimajoto, ingawa kipimajoto kina faida moja ambayo karatasi haina: joto likipanda na kubaki juu, kuna ushahidi kwamba yai huenda limetoka kweli.

Kila karatasi huja ndani ya pakiti yake iliyofungwa pamoja na kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na pakiti haifai kufunguliwa mpaka wakati wa kupima. Mkojo hukusanywa katika chombo safi na kikavu, karatasi huchovywa kwa sekunde zilizoandikwa kwenye maelezo bila kuvuka alama iliyochorwa juu yake, kisha hulazwa mahali palipo sawa. Rangi ya waridi hupanda taratibu katika kidirisha chake cheupe, ikitangulia kama wingu lisilo na umbo, halafu wingu linafutika na mistari inabaki. Mstari wa juu, ule wa kulinganishia, hutokea daima. Usipotokea, karatasi hiyo imeharibika na jibu lake halina maana. Majibu husomwa ndani ya muda uliotajwa, mara nyingi dakika 5, na baada ya dakika 10 hayategemewi tena.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao ndio unaopendekezwa kwa kipimo cha mimba, kwa vipimo vingi vya aina hii haupendekezwi, kwa kuwa homoni huanza kupanda alfajiri na huchukua saa kadhaa kuonekana katika mkojo. Wakati unaofaa ni kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, saa ileile kila siku, bila kunywa maji mengi katika saa mbili za kabla ya kupima ili mkojo usizimuke. Wengi wetu tumechagua mchana, mtoto anapolala. Maji hayo ndiyo kikwazo kikubwa kwa anayenyonyesha, ambaye kiu yake haina saa, na kwake ni bora kupima kabla tu ya kunywa kuliko kujinyima.

Sasa nifike kwenye mistari, kwa sababu hapo ndipo kipimo hiki kinapoeleweka vibaya kuliko popote. Katika kipimo cha mimba, mstari wa pili ukionekana ndani ya muda wake, hata ukiwa hafifu, jibu ni ndiyo. Katika kipimo cha ovulesheni mstari wa pili hafifu ni hapana. Mwili wa mwanamke una LH kidogo karibu wakati wote, na karatasi huiona, kwa hiyo mstari dhaifu unaweza kutokea siku yoyote ya mzunguko bila kumaanisha chochote. Jibu ni ndiyo pale tu mstari wa kipimo unapokolea sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi. Mtengenezaji aliyeandika maelezo ya karatasi ninazotumia ameliweka jambo hili katika sentensi moja ya herufi ndogo upande wa nyuma, na mwanamke aliyezoea kipimo cha mimba anaweza kupoteza mizunguko kadhaa akikutana na mumewe siku zisizo zenyewe, huku akiamini kwamba amefuata kila kitu.

Kinachosaidia ni kutoitazama karatasi moja peke yake. Mwenzetu mmoja, mwalimu kwa kazi, huzibandika karatasi zake kwa gundi katika daftari la mistari, moja chini ya nyingine, na pembeni ya kila moja huandika tarehe, saa, na neno lake alilolisoma ndani ya zile dakika tano. Ukilifungua daftari hilo unaona mstari wa chini ukianza kama kivuli, ukikolea polepole, ukifikia rangi ya mwenzake, halafu ukififia ndani ya siku moja au mbili. Lile neno la pembeni ndilo la muhimu, kwa kuwa karatasi ikikauka hubadilika rangi, na anayeipitia tena wiki ya pili anaweza kusoma lisilokuwapo. Picha za simu pia hudanganya, maana taa ya manjano au kivuli cha mkono hutosha kuufanya mstari uonekane mzito kuliko ulivyo.

Ukishaona mstari unakolea, pima mara mbili kwa siku. Kwa wanawake wengine homoni hupanda na kushuka ndani ya nusu siku, na anayepima mara moja tu huikosa kabisa, akamaliza pakiti nzima akiamini kwamba yai halitoki. Siku ya kuanza kupima hupatikana kwa kuchukua idadi ya siku za mzunguko na kutoa 17: mwenye mzunguko wa siku 28 huanza siku ya 11, akihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi. Mwenye mizunguko isiyolingana atumie ule mfupi zaidi katika miezi ya karibuni, na akubali kwamba atatumia karatasi nyingi. Programu za simu zinazotabiri siku kwa kukokotoa tarehe za hedhi zilizopita zinaweza kukumbusha lini uanze, lakini utabiri wao ni wastani, na mwili wa aliyezaa karibuni hauna wastani bado.

Hapa ndipo ninapokuwa na malalamiko ya kweli dhidi ya karatasi ya maelezo, kwa kuwa inazungumza na mwanamke mwenye mzunguko uliotulia na kumsahau mama. Homoni ya prolaktini, ambayo mtoto huichochea kila anaponyonya, huzuia mfululizo wa homoni unaolikomaza yai. Mama ambaye mtoto wake hajafikisha miezi 6, anayemnyonyesha maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na ambaye hedhi yake haijarudi, amekingwa dhidi ya mimba kwa takriban asilimia 98. Hiyo ni njia ya uzazi wa mpango inayotambulika. Kinga hiyo hulegea sharti mojawapo linapoondoka. Katika kipindi cha kulegea mwili hujaribu na kuahirisha, homoni hupanda kidogo na kushuka bila yai kutoka, na karatasi huonyesha mistari inayokaribia kukolea kisha inarudi nyuma, wiki baada ya wiki. Hakuna kilichoharibika hapo. Vilevile yai la kwanza baada ya kujifungua linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo anayengoja hedhi ili aanze kuhesabu anaweza kupitwa, na asiyetaka mimba bado anaweza kushtukizwa.

Aliyetumia sindano ya kuzuia mimba ya miezi mitatu naye anahitaji maelezo ambayo hayamo pakitini. Uwezo wa kushika mimba hurudi, lakini hurudi polepole kuliko baada ya vidonge au kitanzi: kwa wastani ujauzito huja takriban miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Nimewaona wanawake wakinunua pakiti mwezi uleule walipoacha sindano, wakapata hapana mfululizo, na wakaanza kulaumu sindano kwamba imewafunga kizazi. Hofu hiyo ingezimwa na sentensi mbili tu zilizoandikwa vizuri. Baadhi ya watengenezaji hushauri kusubiri mizunguko miwili ya kawaida baada ya kuacha homoni za kuzuia mimba kabla ya kuanza kupima, na ushauri huo naukubali kwa moyo wote, kwa sababu huokoa fedha na machozi.

Tena kuna suala la lini inafaa kuanza kutafuta. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua mtoto aliye hai kabla ya kujaribu mimba nyingine, na angalau miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Aliyejifungua kwa upasuaji azungumze na daktari wake kwanza kuhusu kovu lake. Na yeyote anayenunua kipimo hiki anunue pamoja nacho vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, aanze kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12, kwa kuwa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto huanza kuundwa kabla wanawake wengi hawajajua kwamba ni wajawazito.

Je, kinasaidia kweli? Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio yaliyowahusisha wanandoa waliokuwa wakitafuta mimba kwa chini ya miezi 12, yalihitimisha kwamba kupanga tendo la ndoa kwa kutumia vipimo vya mkojo huenda kunaongeza uwezekano wa kupata mimba kwa wanawake wenye umri chini ya miaka 40: kutoka asilimia 18 kwa wasiovitumia hadi kati ya asilimia 20 na 28 kwa wanaovitumia. Ongezeko hilo lipo, nalo ni la kiasi. Nalitaja kwa sababu wauzaji hulipandisha mno, na kwa sababu mwanamke anayejua kwamba hata kwa waliotumia kipimo wengi hawakupata mimba katika kipindi hicho cha utafiti hatajiona ameshindwa peke yake.

Zipo hali ambazo karatasi husema ndiyo pasipo ndiyo. Mwenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari anaweza kuwa na LH iliyo juu siku zote, akapata mistari iliyokolea siku nyingi mfululizo bila yai lolote kutoka. Mmoja wetu alipata majibu hayo na akafurahi mno, akidhani ana rutuba kuliko sisi sote, mpaka muuguzi alipomwambia kwamba homoni inayopanda vizuri hupanda na kushuka, na ile inayobaki juu inahitaji kuchunguzwa. Anayekaribia kukoma hedhi pia LH yake huwa juu. Aliyechomwa sindano ya homoni ya ujauzito wakati wa matibabu ya uzazi, na hata mjamzito mwenyewe, anaweza kuona mstari mzito, kwa kuwa homoni ya ujauzito na LH zinafanana kwa umbo kiasi cha kuichanganya karatasi. Kwa sababu hiyo isitumike kuwa kipimo cha mimba, ijapokuwa kishawishi ni kikubwa pakiti ya vipimo vya mimba inapokuwa imeisha. Na homoni ikipanda ipasavyo, bado si hakikisho kwamba yai limetoka.

Lisilopimika kwa karatasi hii ndilo lililowazuia wengi wa wenzangu. Mama aliyezaa mara moja huamini, na huaminishwa, kwamba mlango ulishafunguka. Lakini mirija ya uzazi inaweza kuziba kutokana na maambukizi yaliyofuata kujifungua au mimba kuharibika. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaweza kushikana kwa makovu baada ya kusafishwa kizazi. Uvimbe unaweza kuwa umekua. Na miaka iliyopita kati ya mtoto wa kwanza na sasa imepunguza idadi na ubora wa mayai. Karatasi itaendelea kusema ndiyo kila mwezi katika hali zote hizo, kwa uaminifu kabisa, kwa kuwa haikuulizwa kuhusu mirija. Vivyo hivyo kwa mume. Kwamba ni baba wa mtoto anayecheza uani si kipimo cha mbegu zake za leo, maana mbegu huundwa upya kwa muda wa takriban miezi miwili na nusu, na homa kali, dawa fulani, joto la kazini, sigara au uvimbe wa mishipa ya korodani vinaweza kuzidhoofisha. Uchunguzi wake ni mwepesi kuliko wowote atakaofanyiwa mke, na ningependa uwe wa kwanza badala ya kuwa wa mwisho.

Kanuni inayotumika ni hii: aliyejaribu kwa miezi 12 bila kinga na bila kushika mimba aende kuchunguzwa, na mwenye miaka 35 au zaidi asingoje kupita miezi 6. Anayejua kwamba mizunguko yake imevurugika, au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, asingoje kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukutana na tatizo la kutopata mimba katika maisha yake, na miongoni mwao wamo waliokwisha kuzaa. Naona kipimo hiki kinatoa huduma kubwa hapo, huduma ambayo watengenezaji hawaitangazi: daftari lenye tarehe na mistari ya mizunguko kadhaa ni historia ambayo daktari anaweza kuisoma kwa dakika mbili, na mwanamke anayeingia nalo chumbani haanzi kwa kukumbuka, anaanza kwa kuonyesha.

Kuhusu kikundi chetu niseme zaidi kidogo, kwa sababu siamini kwamba ningekitumia kipimo hiki kwa utulivu bila wao. Tulifahamiana katika foleni za kliniki ya watoto, tukiwa na vitoto mapajani, na tulichogundua ni kwamba kila mmoja alikuwa akiificha tamaa ileile. Anayetafuta mtoto wa pili hana mahali pa kulia. Mbele ya mwanamke asiye na mtoto huona haya, na mbele ya mwenye watoto wengi huambiwa ashukuru. Shukrani anayo, kila usiku anapomfunika yule mmoja. Na bado anapoulizwa na mtoto huyohuyo kwamba mdogo wake atakuja lini, hana la kumjibu. Tulipoanza kulisemea jambo hilo wazi, karatasi zikawa njia ya kulianzia: "Dada, yangu leo imekolea," anasema mmoja, na sote tunajua kwamba hasemi habari za karatasi.

Lakini kushirikiana huko kunahitaji adabu, na kipimo chenyewe kinaweza kuivunja. Mwenye mistari myeupe mwezi mzima akionyeshwa mistari mizito ya wenzake huumia bila sababu, kwa kuwa vipimo vya kampuni mbili havilinganishwi na miili miwili hailinganishwi. Tumeafikiana kwamba kila mtu alinganishe karatasi zake na zake mwenyewe. Hatuulizani baada ya siku za kungoja kupita. Mwenye habari atasema. Anayeshika mimba huwaambia kwanza, faraghani na mmoja mmoja, wale ambao anajua wamesubiri muda mrefu zaidi, ili wapate nafasi ya kulia kwanza na kumpongeza baadaye kwa moyo mweupe. Na ambaye mimba yake imetoka haambiwi kwamba angalau anaye mmoja. Hilo tumelikataza kabisa.

Upande wa ndoa nao una gharama yake. Karatasi iliyokolea inaweza kugeuka amri ya kitandani, na nimesikia kutoka kwa zaidi ya mwenzangu mmoja kwamba mume alianza kurudi amechoka siku zilezile alizojua kwamba zimekaribia. Wataalamu wengi hushauri wanandoa wakutane kila baada ya siku mbili au tatu katika mzunguko mzima, na wanaoweza kuishi hivyo kwa furaha hawahitaji kipimo chochote, kwa kuwa mbegu zitakuwa zinalisubiri yai kila linapotoka. Kipimo kinawafaa zaidi wale ambao maisha hayawaruhusu: wanaofanya kazi kwa zamu, mume anayesafiri, mama anayelala chumba kimoja na mtoto na hana faragha ila kwa kupanga. Kwao karatasi iliyokolea ina maana ya kukutana siku hiyo na siku inayofuata, basi, kisha kuiweka kando pakiti hadi mzunguko mwingine.

Vipo vipimo vya kidijitali vya kazi hiyohiyo, vinavyoonyesha alama au maneno badala ya mistari. Vinamfaa yule ambaye kulinganisha rangi kunamkosesha usingizi, na ambaye yu tayari kulipa zaidi kwa ajili ya jibu lisilo na mjadala. Mimi nimebaki na karatasi, kwa sababu napenda kuona mstari unavyopanda siku hadi siku, na kwa sababu kupima mara mbili kwa siku kwa kipimo cha bei ya juu kunamfanya mtu abane matumizi katika siku ambazo hakupaswa kubana.

Ningependa watengenezaji wafanye mambo mawili. Waandike kwa herufi kubwa, kwenye ukurasa wa mbele, kwamba mstari hafifu ni hapana. Na waongeze aya kwa mama anayenyonyesha, aliyeacha sindano na aliyepoteza mimba, wamweleze kwa lugha nyepesi atarajie nini na aende hospitali lini. Hayo yakifanyika nitakipendekeza kipimo hiki bila sharti. Kwa sasa nakipendekeza kwa mwenye mizunguko iliyokwisha kutulia, ambaye hajafikisha muda wa kwenda kuchunguzwa. Anayenyonyesha mtoto mchanga, mwenye hedhi isiyotabirika na aliyekwisha kupita mwaka akijaribu wapeleke fedha hizo kwa mtaalamu kwanza.

Mimi mwenyewe bado nakitumia. Pakiti iliyopo nyumbani inaishia mzunguko huu, na tumekwisha kukubaliana na mume wangu kwamba kabla ya kununua nyingine tutakwenda kupimwa siku moja, mimi na yeye, nikiwa na daftari langu.